Ulezi Mwekundu wa Uru

Mama Salvina alijibu kila swali isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililokuwa likimsogeza kitanzini.

"Mbege uliipika wewe?"

"Niliipika mimi, afande. Mbege ya komunio ya watoto wa ukoo wetu naipika mimi mwaka wa kumi na tisa huu."

"Mzee Sirili kata ya kwanza alipewa na nani?"

"Na mimi. Kwa mikono miwili. Ningempaje mkubwa wa ukoo kwa mkono mmoja?"

"Ulionja kabla ya kumpa?"

"Mpishi asiyeonja huyo si mpishi, ni mchawi. Nilionja mbele yao wote, na jioni nikatapika mgombani peke yangu. Lakini nani ataniamini?"

"Ulinunua madebe mawili ya ulezi katika kiroba kimoja. Debe moja ukatengenezea mso wa mbege. Debe la pili liko wapi, mama?"

Mama Salvina akautazama ukuta. Ukuta wa kituo cha polisi cha Moshi haukuwa na cha kutazamwa, ila kalenda ya mwaka juzi na alama za mikono ya watu.

Raya Shakiru, inspekta wa upelelezi, aliweka kalamu chini. Alifika kwenye swali hilo kila siku tangu Jumanne, na leo ilikuwa Jumamosi. Kila siku mama huyu mjane, mwenye vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi, alikuwa akifungua moyo wake wote kisha akifika hapo anakuwa bubu. Ilimuudhi Raya kupita kiasi, maana alianza kumpenda.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumapili iliyopita kule Uru watoto walipokea komunio ya kwanza, na baada ya misa watu wakakaa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, kunywa. Wazee walipewa mtungi wa kwanza, ule mzito, kama ilivyo ada. Jua halijazama, wazee saba walikuwa chini wakitapika na kutetemeka mwili mzima. Sita waliokolewa hospitalini. Wa saba, Mzee Sirili, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Salvina, alikata roho alfajiri ya Jumanne, na mchana wake Salvina akapandishwa gari la polisi huku akizomewa na watu wale wale aliowapikia miaka yote.

Afande Ronald, mkuu wa upelelezi, hakuona fumbo lolote. Alimkuta Raya kwenye baraza akinywa chai ya rangi, akasimama mbele yake.

"Bado unambembeleza?"

"Bado, afande."

"Mbege kapika yeye, kata katoa yeye, debe la ulezi kalificha yeye. Unataka nini tena, barua yenye sahihi yake? Jumatatu saa tatu jalada liko mahakamani. Mauaji ya kukusudia."

"Majibu ya Mkemia Mkuu hayajafika kutoka Dar."

"Yatafika wiki sita zijazo, yakipata usafiri." Akaondoka zake akicheka.

Lazima tuseme ukweli, kazi hii haikumfaa Raya hata kidogo. Alikuwa mtoto wa mjini, binti wa fundi cherehani, Mwislamu wa swala tano, na tone la mbege halijawahi kugusa ulimi wake. Ilimbidi ajifunze pombe hiyo kutoka mwanzo kama mtu anayejifunza udereva ukubwani. Alijifunza kwamba ndizi mbivu huchemshwa hadi ziive rangi ya matofali, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa. Alijifunza kwamba gome la msesewe hutiwa ili kuleta uchungu. Na alijifunza kwamba hayo yote ni maji matupu mpaka uingie mso: ulezi ulioloweshwa, ukaoteshwa gizani, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji mzito na kuchanganywa humo. Mso ndio roho ya mbege, walimwambia, na walimwambia kwa huruma, kama mtu anayemweleza kipofu habari za mlima.

Tuhuma ya kwanza ilikuwa gome, kwa kuwa msesewe ukizidi unadhuru. Raya akapanda Uru, akaonyeshwa mti. Jirani yake Salvina alibandua gome la mti huo huo, akapika wiki hiyo hiyo, na wanywaji wake waliamka na afya zao. Raya akalifuta gome katika daftari lake.

Ulibaki ulezi. Jumatano alikwenda kwa muuzaji, Wenseslaus, kijana mwenye kibanda kipya cha nafaka pembeni mwa soko. Tangu biashara ya nafaka iachiwe huria, kila mwenye kumudu kukodi lori alikuwa anajiita mfanyabiashara, na Wenseslaus alikuwa mmoja wa hao.

"Ulezi uliomuuzia Mama Salvina ulitoka wapi?"

"Kondoa, dada. Ulezi mwekundu, daraja la kwanza. Wamama wa juu walikuwa wanaugombania."

"Mwingine upo?"

"Umekwisha wote."

"Viroba vyake vilikuwa na maandishi?"

"Vyeupe pe." Akahamisha kijiti cha meno kutoka shavu hili kwenda lile. "Kama mama kachanganya na mambo yake huko mgombani, mimi naingiaje hapo?"

Siku hiyo hiyo Raya alipekua jiko la Salvina kwa magoti. Hakupata debe wala kiroba. Alipata vijiko vitatu vya unga wa mso chini ya chungu, na punje chache za ulezi zilizonasa katika nyuzi za ungo. Alizichokonoa kwa pini moja moja, akazihesabu, zikafika mia moja na ishirini. Akazitia katika bahasha, akazipeleka kwa mtu pekee wa Moshi ambaye, kwa maneno ya wengi, alijua nafaka kuliko anavyojua watoto wake mwenyewe. Mtu huyo alimwambia arudi Jumamosi.

Basi Jumamosi ndiyo hii. Raya akamaliza chai, akamwita dereva wake, Koplo Julius, wakashuka na njia ya Chekereni.

*

Nyumba ya utafiti wa nafaka ilisimama peke yake kwenye tambarare, bati lake limeshika kutu. Zamani walifanya kazi humo watu kumi na wawili. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, kumi na mmoja walipewa barua, na akabaki Bi Mektrida, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Umeme ulikuwa umekatwa tangu Pasaka. Yeye aliisogeza meza yake dirishani, akaigeuza hadubini yake ipate mwanga wa jua kwa kioo, akaendelea na kazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umenawa?"

"Nimenawa."

"Nawa tena."

Raya alinawa. Alipogeuka ndipo alipouona ukuta wa nyuma vizuri, akasimama. Kuanzia sakafuni hadi darini palikuwa na chupa, mamia ya chupa za jemu na za dawa, na kila moja ina nafaka na karatasi yenye mwandiko mdogo. Palikuwa na mtama mweupe, mtama wa njano, mtama mwekundu unaokaribia weusi, uwele wa kijivu. Palikuwa na ulezi wa rangi ambazo Raya hakujua kwamba ulezi unazo. Alikuwa amepita njia hii tangu utotoni, na hakuwahi kujua kwamba ndani ya nyumba hii mbovu kumewekwa vitu hivi vyote.

"Usishangae ukasahau kufunga mdomo," alisema Bi Mektrida, lakini alifurahi, ilionekana. Akashusha chupa moja. "Huu niliuweka mwaka wa themanini na moja, mwaka wangu wa kwanza kazini. Hakuna mdudu aliyeugusa. Mahindi yako ya mjini yangekuwa vumbi mwaka wa pili. Na mwezi uliopita nimechukua punje zake kumi, nikazitilia maji. Saba zikaota."

"Baada ya miaka yote hiyo?"

"Baada ya miaka yote hiyo. Zilikuwa hai humo ndani, zimekaa kimya tu, zinangoja maji."

"Subhanallah," alisema Raya, na hakusema kwa mazoea.

"Sasa tuje kwenye yako. Uliniletea swali kwamba huenda mtu kachanganya mtama ndani ya mso. Si swali la kijinga. Mtama ukiota, kile kichipukizi chake kichanga kina sumu, sumu kweli, ndiyo maana wanaopika pombe ya mtama na wanaojua kazi yao hukipukusa na kukitupa. Wapishi wenu wa milimani hawapukusi, kwa sababu kichipukizi cha ulezi hakina neno. Mtu akiwauzia mtama bila wao kujua, wataumia."

Raya akasogea karibu. "Kwa hiyo ni mtama?"

"Sikusema. Njoo uangalie."

Raya akaweka jicho kwenye hadubini. Mwanzo aliona kope zake mwenyewe, kisha Bi Mektrida akazungusha kitu, na unga wa mso wa Salvina ukatokea, uwanja mzima wa vijiwe vinavyong'aa.

"Hiyo ni wanga. Vya ulezi ni vidogo. Sasa huu hapa ni unga wa mtama." Akabadilisha kioo. Vijiwe vilikuwa vikubwa zaidi, hata Raya aliona. "Nimeangalia vijiko vyako vyote vitatu. Hakuna mtama humo, hata punje moja. Futa."

Raya akafuta katika daftari. Alifuta taratibu, maana lilikuwa tumaini lake kubwa, na mtu aliyekuwa mahabusu hakuwa na tumaini jingine.

"Usikunje uso, sijamaliza," alisema Bi Mektrida. Akafunua kitambaa juu ya sinia mbili. Kwenye kila sinia palikuwa na kitambaa kibichi, na juu yake punje mia zimepangwa kumi kwa kumi. "Hii ya kushoto ni ulezi nilionunua sokoni mwenyewe Jumatano. Hii ya kulia ni yako. Hesabu zilizoota."

Raya aliinama akahesabu. Sinia ya kushoto ilikuwa kama shamba la mvivu, hapa imeota, pale imelala. Zilizoota zilikuwa sabini na moja. Akahamia kulia, na kabla ya kuhesabu alikwisha kuduwaa. Punje zile zilizochokonolewa kwa pini kwenye ungo mkuukuu, kila moja ndogo kuliko tone la wino, zilikuwa zimetoa mizizi myeupe, yote ya urefu mmoja, yote imesimama. Alihesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakujiamini.

"Tisini na nane."

"Tisini na nane. Nafaka ya sokoni imepigwa, imelowa, imekauka, imekanyagwa, imechanganywa ya mwaka huu na ya mwaka juzi. Haioti hivyo. Inayoota hivyo imechaguliwa, imepepetwa na kutunzwa kwa kazi hiyo moja. Binti, hiki si chakula. Hii ni mbegu."

 Nje, Koplo Julius alikuwa akipiga teke gurudumu la gari.

"Na mbegu," alisema Raya polepole, "hutiwa dawa."

"Hutiwa dawa isiliwe na wadudu ardhini. Na kwa kuwa dawa haionekani, wanaoitia huitia na rangi, ili binadamu aone ashtuke, asile. Rangi yenyewe huwa nyekundu." Akachukua kipande cha pamba, akakilowesha, akachukua punje kumi kati ya zilizobaki katika bahasha, akazifikicha humo. Akafungua kiganja. Pamba ilikuwa ya waridi, kisha, ilipozidi kulowa, ikawa nyekundu wazi. Akafanya vivyo hivyo kwa ulezi wa sokoni, na pamba ikabaki na uchafu wa hudhurungi tu. "Wekundu wa ulezi uko ndani ya ngozi yake, hautoki hivi. Huu umepakwa. Kwenye mahindi meupe hata mtoto angeona. Kwenye mtama mweupe angeona. Lakini ukiupaka ulezi, ambao Mungu ameuumba mwekundu..."

"Na wamama wa juu," alimalizia Raya, "wanautafuta ulezi mwekundu kuliko wote. Ndio unaotoa mbege yenye rangi."

"Ndio. Huko ilikotoka waliweka alama ya hatari. Ilipofika Uru alama hiyo ikawa sifa."

Raya akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Mwaka jana mvua zilipokosekana, wafadhili walileta mbegu za ulezi kwa ajili ya wakulima wa mabondeni. Malori yalionekana. Mbegu ilikuwa haijasikika imefika wapi.

"Mwalimu, hili utalisema mahakamani?"

"Nitalisema hata sokoni. Lakini wataniuliza, punje hizi zimetoka wapi? Nitasema, inspekta amezichokonoa kwenye ungo. Watacheka. Yule muuzaji atasema ulezi wake ulikuwa safi, na mama ndiye aliyetia dawa. Nani atambishia?" Akavua miwani, akaifuta kwa kanga. "Nitafutie kiroba. Kiroba cha mbegu hakikosi maandishi."

"Muuzaji anasema vilikuwa vyeupe pe."

"Kiroba chochote ni cheupe ukikigeuza, cha ndani ukakiweka nje."

Raya aliichukua ile pamba nyekundu, akaitia katika bahasha, akashika njia. Alikwisha kufika mlangoni aliporudi nyuma na kuangalia tena ile sinia ya kulia. Sumu imezipaka punje zile kila upande, nazo zimeota tu, zote, bila kujali. Aliogopa na kustaajabu kwa pamoja, akaenda.

*

Mama Salvina aliletwa tena chumbani saa saba mchana. Raya hakufungua daftari. Alimshikia kiti, akamngoja akae, akaweka pamba mezani.

Salvina aliinama kuitazama. "Hii rangi naijua," alisema.

"Niambie unavyoijua."

"Nilipolowesha ulezi, maji yaligeuka hivi hivi. Nikafurahi, afande, nakuambia ukweli wa Mungu. Nikasema mwaka huu nimepata ulezi ambao sijawahi kuuona tangu niolewe. Maji ya kulowesha huwa tunayamwaga. Yale sikuyamwaga. Niliyapikia uji wa mso, mbege ipate rangi." Akatabasamu kidogo. "Sirili mwenyewe alipoiona kwenye kata alisema, shemeji, leo umepika mbege ya mangi, ya chifu mwenyewe."

"Mama, hiyo si rangi ya ulezi. Ni rangi ya dawa. Ulikuwa mbegu ya kupanda, imetiwa sumu ya wadudu. Wenseslaus alikuuzia mbegu."

Tabasamu lilibaki usoni kwa Salvina, likiwa limesahau kuondoka.  Raya alitegemea atalia kwa furaha, au atamlaani Wenseslaus, au atamtaja marehemu. Mama yule alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Uji!" alisema. "Yesu na Maria, uji!"

"Uji gani?"

"Debe la pili! Mae, nimewaua! Nimempelekea Gladness, ni wa uji, amejifungua, ananyonyesha, nimempelekea kwa mkono wangu mwenyewe!"

Hapo ndipo yote yalipomwagika. Gladness, binti yake wa mwisho, alipata mimba bila ndoa. Mzee Sirili, mbele ya ukoo mzima, alimfukuza, na akaapa kwamba atakayempelekea hata ukuni mmoja naye ataondoka kihambani. Salvina alinyamaza, kwa sababu mjane bila kihamba anakwenda wapi? Binti akaenda kujihifadhi Mwika, katika kijumba cha mjane mwenzake Salvina waliyejuana kanisani. Wiki mbili zilizopita alijifungua mtoto wa kiume. Ijumaa kabla ya komunio, Salvina alikifunga kiroba na nusu ya ulezi wake mzuri, akampa mama mmoja muuza ndizi akipeleke kwa siri.

"Kwa nini hukusema? Siku nne nzima, mama!"

"Ningesema vipi? Ningewaambia kwamba yule aliyekufa ndiye aliyemtupa mwanangu? Mngesema ndiyo sababu nimemuua. Na mtoto wa Sirili angeninyang'anya kihamba. Nikasema bora ninyongwe mimi, mwanangu abaki na pa kurudi." Alikuwa amemshika Raya mikono yote miwili. "Twende, afande. Nifunge pingu, nifunge na miguu, lakini twende."

Afande Ronald alikuwa mlangoni, amesikia. Alifungua mdomo.

"Mtuhumiwa anakwenda kutuonyesha kielelezo, afande," alisema Raya kabla hajaambiwa neno. "Utaratibu unaruhusu."

Mkuu wa upelelezi alimwangalia Salvina, akaiangalia pamba, akasogea pembeni.

*

Koplo Julius aliendesha kama mtu aliyeibiwa. Walipita Himo bila kusimama, wakapanda Marangu, wakakata Mamba. Kila walipopanda, hewa ilipoa na migomba ikasongamana pande zote mbili. Salvina alikuwa nyuma na rozari yake, akihesabu siku badala ya sala. Ijumaa hadi leo, siku nane. Kusaga siku moja. Uji asubuhi na jioni. Raya alitamani anyamaze, na hakuthubutu kumwambia, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anapiga hesabu hiyo hiyo. Na alijua jambo jingine ambalo mama hakuwa amelifikiria. Hakuna mtu duniani anayejua kuna sumu katika kiroba, kisha akampelekea nusu yake binti yake mzazi. Siri iliyokuwa imnyonge ndiyo ingemwokoa. Lakini ingemwokoa kwa bei gani, hilo lilikuwa kwenye kijumba cha Mwika.

Wingu lilikuwa limefunika mlima tangu asubuhi. Walipokata kona ya mwisho likafunguka juu, na kilele cha Mawenzi kikatokea cheusi, karibu mno, juu ya migomba. Julius akapunguza mwendo bila kuambiwa. 

Kijumba kilikuwa cha mbao, mlango umefungwa. Hakukuwa na moshi jikoni. Salvina aliruka kabla gari halijasimama, akaanguka, akainuka na magoti yenye udongo.

"Gladness! Mwanangu, uko wapi? Gladness!"

 Raya akashuka garini, akamfuata.

Mlango wa kijumba ukafunguka. Msichana mwembamba alitoka, kanga moja kiunoni, kichanga begani, uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Aliona gari la polisi, akarudi hatua. Kisha akamwona mama yake.

"Umekula?" Salvina alikuwa amemshika mashavu, anamfungua mdomo, anamchungulia kama mtoto mchanga. "Ule ulezi, umekula? Mtoto ananyonya? Anatapika? Sema!"

"Sijala, mama. Kuna nini?"

"Hata uji wa siku moja?"

"Sijaufungua kabisa." Msichana akaanza kulia, hajui analia nini. "Ulimwagiza yule mama aseme utakuja mwenyewe Jumatatu. Kwetu si uji wa kwanza wa mzazi hukorogwa na mama yake? Nikasema nikipika mwenyewe itakuwa kama sina mama. Nimekula ndizi za watu. Nimekungoja."

Salvina alikaa chini palepale kwenye majani, miguu imemnyooka mbele.  Alimvuta binti yake kwa upindo wa kanga mpaka naye akakaa, akaegemeza kichwa chake tumboni mwa msichana.

Kiroba kilikuwa pembeni mwa kitanda, kimefungwa kwa utepe wa kanga, na fundo lilikuwa la Salvina. Raya alitandika gazeti, akamwita Julius awe shahidi, akakata utepe juu ya fundo ili fundo libaki zima. Ulezi ukamwagika, mwekundu, mzuri wa kutamanisha, na viganja vyake vikageuka rangi pamoja nao. Akaingiza mikono ndani ya kiroba, akakigeuza, cha ndani kikawa nje.

Maandishi yalikuwa meusi, makubwa, hayakufutika hata herufi moja: MBEGU. IMETIWA DAWA. ISILIWE NA BINADAMU WALA MNYAMA. Chini yake palikuwa na fuvu la kichwa, na chini ya fuvu nambari ya shehena, ambayo Wenseslaus angelazimika kuieleza kabla jua la kesho halijachomoza.

"Saini hapa, Koplo," alisema Raya. 

Walipotoka, Salvina alikuwa amesimama. Alijifuta uso, akanyoosha mikono yake miwili mbele, vifundo pamoja, tayari kwa pingu. "Kazi imekwisha, afande. Turudi."

Raya alimtazama, akamtazama msichana, akautazama ule moshi usiokuwepo jikoni.

"Koplo Julius, gari limechemka, siyo?"

"Hapana, afande. Liko poa kabisa."

"Limechemka, Koplo."

Julius alikuwa mtu wa milima hiyo hiyo, wa Kibosho, tena si mjinga. "Limechemka vibaya sana, afande. Hata saa nzima halitapoa."

Salvina hakungoja aelezwe. Mwenye nyumba, aliyerudi kutoka kuchota maji, alikuwa na ulezi wake mwenyewe, mdogo, wa kijivu, usio na rangi ya kumvutia mtu yeyote. Moto ukawashwa. Baada ya muda mwiko ukasikika chunguni, unazunguka taratibu, na sauti ya mama ikimgombeza binti yake kwa kukonda.

Msichana alikuja uani, akamnyooshea Raya kichanga. "Nishikie, dada, nikamsaidie mama."

Raya alinyoosha mikono, kisha akairudisha nyuma haraka. Alikwenda kwenye ndoo, akachota kata ya maji, akanawa. Maji yakatoka mekundu. Akanawa tena kwa sabuni, yakatoka ya waridi. Akanawa mara ya tatu, akayachungulia maji yalivyokuwa yakianguka kwenye majani, mpaka yalipokuwa maji tu. Ndipo akampokea mtoto.